Nukta ya Somoe

Printa yangu hapa Ligula ina kikohozi,
hukohoa kwanza ndipo iseme.
Bei nimezibandika ukutani:
kuchapa mia tano, sivii elfu mbili,
kunyoosha maneno ya mtu, tutaelewana.

Somoe Mnyambe aliingia na flashi ya kuazima
na ndani yake wasifu wa kuazima:
*Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma,
naweza kufanya kazi katika mazingira yoyote.*
Sentensi hiyo naijua.
Wiki ile ilikuwa imepita mezani pangu mara tisa
kwa majina tisa: dereva, mpishi, nesi,
na kijana mmoja wa kufunga madishi.
Hata kosa lake nalijua, "mchapakzi", a imedondoka
na hakuna aliyeinama kuiokota.

Nikamwuliza, uzoefu?
Akasema, sina. Nilikuwa nabangua tu.

Tu.
Kineno hicho kimekula mishahara mingi.

Tu miaka mingapi? Kumi na mmoja.
Tu kilo ngapi kwa siku? Akahesabu kwa vidole
ambavyo mafuta ya ganda yameviachia
weusi usiosikia sabuni.
Nani alipanga madaraja? Mimi.
Nani alijua gunia lina unyevu kabla halijafunguliwa?
Mimi, nalitikisa. Korosho kavu inaongea,
yenye maji inanyamaza.
Na wasichana wapya, walifundishwa na nani?
Akanyamaza
kama gunia lenye maji.

Basi nikafuta "mchapakazi".
Nikafuta dini, na idadi ya watoto,
nikafuta "napenda kusoma na kusafiri"
(kitabu gani? Akacheka. Safari ipi? Newala, msibani).
Nikaandika:
*Amebangua korosho na kuzipanga madaraja, miaka kumi na mmoja.
Amefundisha wabanguaji wapya ishirini na sita.
Hutambua unyevu kabla ya kipimo.*
Chini, namba ya simu inayopatikana,
siyo ya shemeji.

Mbona ukurasa mmoja?
Msomaji ana mia mbili mezani, nikamwambia, na chai inapoa.

Oktoba, msimu umefunguliwa, akarudi
na beji ya ghala shingoni imegeuka kinyume.
Hakuja kushukuru. Alikuja na simu,
ujumbe kwa meneja haujatumwa, herufi kubwa tupu:
MZANI WA MLANGO WA PILI NI MWIZI NA NYIE MNAJUA.
Nikausoma. Wote ulikuwa kweli,
na usingefika popote.

Akaufuta. Akaanza upya, mnyonge:
*Shikamoo bosi, samahani sana kukusumbua,
mimi ni mdogo wako tu...*

Somoe, nikasema, sasa hivi ulikuwa unampiga kofi,
mara hii unamfuta viatu. Hakuna katikati?
Akatazama nje, pikipiki zilipojipanga mbele ya hospitali.
Ipo, akasema. Katikati ni pale
mshale wa mzani unaposimama.

Tukaandika.
*YAH: Mzani wa Mlango wa Pili.
Tarehe kumi na nne tulipima gunia moja mara mbili.
Mlango wa kwanza: kilo themanini.
Mlango wa pili: sabini na nane.
Mashahidi wawili, majina yao hapa chini.
Napendekeza mzani ukaguliwe kabla ya mnada wa Ijumaa*

na vidole vyangu, kwa mazoea ya miaka,
vikaweka mkato, vikaanza *ikikupendez*

Akanishika mkono.
Weka nukta hapo, dada Benigna.
Ukiweka mkato
atadhani bado naomba.

Nikaweka.
Printa ikakohoa.
Tukasubiri.